Aliyekimbia na Aliyeacha Kukimbia

(Hotuba ya mwanachama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)





Ratiba inasema "Neno kuhusu ushujaa, dakika 15". Katibu alipokuja nyumbani kuniomba, aliniambia, "Mwalimu, wewe utatupa tu ile hadithi yako ya Keino." Nikamjibu kwamba nitaitoa, ila safari hii nitaitoa yote. Wengi mliopita darasani kwangu mnaijua nusu. Kwa miaka mingi nilisimulia nusu, na nusu hiyo ilimwumiza mtoto wa mwenzetu. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Kwanza Keino mwenyewe, maana vijana wa siku hizi ukiwauliza shujaa wa michezo watakutajia wacheza mpira wa Ulaya mpaka uchoke.

Kipchoge Keino ni jirani yetu, Mkenya wa Nandi. Alizaliwa tarehe 17 Januari 1940 katika nchi ya milima kama hii yetu, ila yao iko juu zaidi. Mama yake alifariki yeye angali mdogo sana. Alichunga mbuzi, akakua, akaingia polisi, na huko polisi mbio zake zikaonekana. Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo akawa wa tano katika mita 5,000. Mwaka uliofuata, 1965, aliweka rekodi mbili za dunia: mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 39.6, na mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 24.2. Kwa hiyo alipopanda ndege kwenda Mexico mwaka 1968 hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na miaka 28, na dunia ilikuwa inamtazama.

Mji wa Mexico uko juu, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Milima yetu ya Manyovu tunayoilalamikia tukipanda na ndoo haifiki huko. Hewa ni nyepesi, mtu akikimbia anaona kama kifua kimefungwa kamba. Wanariadha wengi kutoka nchi za tambarare walipata taabu. Keino yeye hewa haikumsumbua. Kilichomsumbua ni tumbo.

Lilikuwa linamkata vibaya. Madaktari wakamwambia ni kifuko cha nyongo, kina ugonjwa na mawe. Hapa ndani wapo wanaoyajua maradhi haya, nawaona wanatikisa kichwa. Maumivu yanaanzia chini ya mbavu za kulia, yanapanda hata begani, na ukila chakula cha mafuta ndiyo unajikunja kabisa. (Sisi tunaomimina mawese kwenye maharage kama maji, tujiangalie.) Madaktari walimkataza asikimbie. Walimwambia ni hatari.

Akakimbia.

Tarehe 13 Oktoba ilikuwa mita 10,000, mizunguko 25 ya uwanja. Alikwenda vizuri pamoja na wale wa mbele, lakini ilipobaki mizunguko michache maumivu yakamshinda. Akaanguka, akatoka nje ya njia, akawa kwenye nyasi. Watu wa machela wakaja kumchukua. Kuwaona wanakuja, akainuka, akarudi kwenye njia akamaliza. Hakuhesabiwa, maana sheria inasema ukitoka nje ya njia umeondolewa. Dhahabu ilichukuliwa na Mkenya mwenzake, Naftali Temu.

Sasa basi, wanafunzi wangu wa zamani, ninyi hapo: nani aliwahi kunisikia nikisimulia hayo ya kuanguka? Hakuna. Hapo ndipo nilipokuwa naruka. Mimi nilikuwa naanzia tarehe 17.

Tarehe 17 Oktoba, siku nne baada ya kuanguka, alikimbia fainali ya mita 5,000. Alikosa dhahabu kwa sekunde 0.2, yaani kupepesa jicho. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alimaliza kwa 14:05.0, Keino 14:05.2. Na mchujo wa mbio hizo alikuwa ameukimbia tayari tarehe 15. Halafu tarehe 18 mchujo wa mita 1,500, tarehe 19 nusu fainali, tarehe 20 fainali. Hesabuni wenyewe: mbio sita kwa siku nane, na nyongo ndani inauma.

Asubuhi ya fainali madaktari walikuwa bado na neno lao lilelile. Mwisho akaamua anakwenda. Basi alilopanda likakwama kwenye foleni ya magari. Alipoona muda unakwisha alishuka, akakimbia kipande kilichobaki mpaka uwanjani. Mtu mgonjwa, ana fainali ya Olimpiki, anakimbia barabarani kati ya magari ili awahi kwenda kukimbia! Darasa langu lilikuwa linacheka hapo kila mwaka, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Mpinzani wake alikuwa Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyemshinda katika mbio hizo. Ryun alikuwa na kasi kali ya mwisho. Mkienda naye polepole mpaka mzunguko wa mwisho, amewamaliza. Kwa hiyo Wakenya wakafanya jambo. Kijana mwenzao, Ben Jipcho, akatoka mbele kwa kasi kubwa mzunguko wa kwanza, sekunde 56, ili mbio ziwe kali tangu mwanzo na Ryun abaki mbali. Jipcho alijua kabisa kwamba kwa kukimbia hivyo yeye mwenyewe hapati kitu, na kweli alimaliza nyuma, wa kumi. Baadaye Keino akachukua mbele, akaenda, akaenda, na Ryun hakumfikia. Keino 3:34.9, Ryun 3:37.8. Nafasi kati yao ilikuwa kama mita 20, na katika mita 1,500 hiyo ni kama toka hapa mpaka kwenye ule mwembe. Rekodi hiyo ya Olimpiki ilikaa mpaka mwaka 1984. Siku hiyohiyo nyumbani Kenya mkewe alijifungua binti.

Na niongeze neno la nyumbani. Tarehe 20 Oktoba hiyohiyo, mji huohuo, Mtanzania wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alikuwa kwenye marathoni. Alianguka njiani, goti likateguka, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, jua limekwisha zama, watu wachache wamebaki. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Yale aliyowajibu waandishi kuhusu kwa nini hakuacha mnayajua, kila mwalimu wa Tanzania ameyasema.

Hiyo ndiyo hadithi. Nimeisimulia tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Niliisimulia mvua ikinyesha, niliisimulia siku za mashindano, niliisimulia kwa mtoto aliyelia kwa sababu ya hesabu.

Sasa nakuja kwenye lile lililonileta.

Katika mwaka wa tatu wa kikundi hiki, mwenzetu mmoja alikuwa na binti darasa la sita shuleni kwangu. Yupo hapa, mama yake pia yupo, wameniruhusu niseme. Jina sitaliandika kwenye kijitabu, mnamjua. Mtoto huyu alikuwa na mbio ambazo katika miaka yote ya kufundisha sikuziona tena. Hakuwa na viatu. Alikuwa anashuka bondeni kuchota maji na kupanda, na wenzake wakiwa bado wanashuka yeye amekwisha mimina. Mita 800 na 1,500 alikuwa anakimbia na wavulana.

Mwanzoni mwa mvua aliumwa koo. Koo nani anajali? Likapona lenyewe. Baada ya wiki kadhaa goti likavimba. Likapoa, ukavimba mguu wa pili kwenye kifundo. Ukapoa, likarudi goti. Wengine tukasema anakua huyo, mifupa inanyooka. Wengine wakasema uvivu, kwa sababu leo anachechemea, kesho anaruka kamba. Mama yake akamkanda kwa maji moto na majani. Halafu akaanza kupumzika njiani akitoka bondeni, anaweka ndoo chini mara mbili, mara tatu.

Siku ya mashindano ya kata alinifuata. Alisema, "Mwalimu, kifua kinapiga sana, naona leo nisikimbie."

Nanyi mnajua nilimwambia nini. Nilimwambia habari za Keino. Nilimwambia yule nyongo ilikuwa inamuuma na madaktari wamemkataza, na alishuka kwenye basi akakimbia. Nikamwambia, "Wewe una kifua tu." Nikamshika bega nikampeleka kwenye mstari.

Mzunguko wa kwanza aliongoza. Wa pili akaanza kuyumba. Alianguka kabla ya mstari, midomo imekuwa ya rangi ambayo sitaki kuieleza mbele ya mama yake. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yetu wawili, na njia nzima nilikuwa nasikia moyo wake mgongoni kwangu, unakwenda kama mtu anayepiga mlango.

Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu. Alituuliza maswali ambayo sisi hatukuyategemea: aliwahi kuumwa koo? Viungo vilivimba, na uvimbe ulikuwa unahamahama? Kisha akatueleza. Yapo maradhi ya koo ambayo yasipotibiwa kwa dawa sawasawa yanaacha mwili unajipiga wenyewe. Unaanza na viungo, ndiyo hiyo homa ya baridi yabisi, na viungo hupona. Lakini ukishambulia milango ya moyo, milango ile haipoi kama goti. Inabaki na kovu. Huwapata zaidi watoto wa umri wa shule. Alisema mtoto apelekwe mbele, na mbele yenyewe ni Kigoma, na baada ya Kigoma ni Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Wenzangu, mnakumbuka kikao kile. Mimi nakikumbuka hata harufu ya mvua. Katiba yetu wakati huo ilisema mfuko wa jamii ni wa msiba, uzazi na moto wa nyumba. Safari ya Dar es Salaam ya watu wawili haikuwemo, na fedha zilizokuwemo zilikuwa ndogo. Mwenzetu mmoja alisimama akasema tukitoa zote leo, kesho akifiwa mtu tutamzika na nini? Baadhi walimzomea. Mimi nasema leo hadharani kwamba hakuwa na kosa. Alikuwa anasoma katiba tuliyoiandika sisi. Na yeye huyohuyo, baada ya kuzomewa, ndiye aliyetoa wazo kwamba tusiguse mfuko wote: nusu itoke mfuko wa jamii, nusu uwe mkopo usio na riba kwa mama wa mtoto, na kila mmoja aongeze kilo mbili za maharage ziuzwe sokoni. Tulipiga kura usiku, taa ya kandili mezani. Washika funguo wakafungua kufuli tatu. Kuanzia siku hiyo neno "matibabu" likaingia katika katiba yetu. Ukurasa wa 4, aliyeandika kwa kalamu nyekundu ni Katibu.

Binti alipigwa picha ya moyo, ikaonekana mlango mmoja umeharibika, haufungi vizuri. Hakupasuliwa. Alipewa dawa, na akaandikiwa sindano ya penisilini kila wiki nne, miaka na miaka, ili maradhi ya koo yasirudi kuuongezea moyo jeraha. Na akaambiwa mashindano basi.

Hapo ndipo ninapoona ushujaa wenyewe, na ndiyo maana nilikubali kusimama. Kukimbia huku unaumwa nimekwisha kueleza, na simpunguzii Keino hata nukta moja. Lakini fikirini mtoto wa miaka 13 ambaye kitu kimoja tu duniani anakijua kuliko wote, anaambiwa akiache akiwa bado anakiweza. Jioni wenzake wanapita mbele ya nyumba wakienda mazoezini, wanamwita, kisha wakazoea, wakaacha kumwita. Sindano ile inauma, waliowahi kuchomwa wanajua, siku hiyo kukaa ni taabu. Kila wiki nne alikwenda. Mara moja dawa ilikosekana karibu, akapanda gari mpaka Kasulu na kurudi peke yake, hakumwambia mtu mpaka jioni. Watu wakasema ya kwao: mgonjwa wa moyo nani atamwoa, atazaa vipi, mbona ananenepa kama mzima. Aliyasikia yote. Tarehe ya sindano ikifika, huyo anakwenda.

Karibu mwaka ulipita hajaja kwangu, na mimi sikuwa na uso wa kumfuata. Siku moja akaja, akakaa kwenye kigoda pale barazani, akaniuliza, "Mwalimu, yule Keino wako alipona?"

Jamani, nilimsimulia mtu huyo miaka yote na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Kwangu mimi hadithi ilikuwa inakwisha kwenye utepe. Basi siku hiyo nikamwambia yote, kuanzia alivyoanguka tarehe 13. Nikamwambia kwamba Keino alikuwa mtu mzima wa miaka 28, polisi, ameambiwa na madaktari ana ugonjwa gani, akaamua juu ya mwili wake mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyemshika bega. Nikamwambia habari za Jipcho. Na nikamwambia ndiyo, alipona. Mwaka 1972 huko Munich alipata dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na fedha ya mita 1,500. Kisha akarudi Eldoret, na yeye na mkewe Phyllis, aliyesomea uuguzi, wakawachukua watoto yatima nyumbani kwao, mmoja, wawili, mpaka nyumba ikajaa. Baadaye wakajenga na shule. Yule mtoto aliyefiwa na mama akichunga mbuzi! Mwaka 2016 huko Rio, akiwa na miaka 76, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilimpa tuzo mpya ya heshima, yeye akiwa wa kwanza kabisa kuipokea, na si kwa mbio zake, ni kwa kazi hiyo ya watoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yeye alirudi kukimbia. Mimi sirudi." Nikamwambia, "Ndiyo mwanangu, wewe hurudi." Nilitaka kuongeza neno nikakosa. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Ile saa yako ya kupimia mbio iko wapi?"

Tangu siku hiyo saa ile ikawa mkononi mwake. Leo amekwisha maliza kidato cha nne, na jioni yuko uwanjani na watoto wa shule ya msingi, amekaa juu ya lile gogo, anawapigia muda. Anawajua mmoja mmoja. Mtoto akisema koo linauma, yeye hamwachi aende nyumbani kwanza, anamshika mkono moja kwa moja mpaka zahanati, na wauguzi wamekwisha mzoea. Mwaka jana watoto wake wawili walifika mashindano ya mkoa. Mmoja alikataa kukimbia fainali kwa sababu mguu unamuuma, na wazazi wakaja juu kweli kweli. Aliyesimama mbele ya wazazi wale si mimi. Mimi nilikuwa nyuma yake tu, nashika mwavuli.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu ananionyesha mkono, muda umepita. Mambo ya mabati tuliyonunua, ada tulizolipa na mikopo, Mhazini atayasoma kwenye taarifa, mimi sikuyagusa.

Ila ile saa imekufa. Mwezi uliopita ilianguka kwenye maji. Kikundi kimenunua nyingine, hii hapa, mpya, na kamba yake. Naomba binti asogee mbele aipokee kwa Mwenyekiti, na mama yake asogee naye. Msipige vigelegele mpaka wafike, yule mama anaona haya. Pamoja na saa ipo bahasha. Hiyo si zawadi. Ni nauli ya sindano ya Alhamisi, Mhazini ameihesabu mara mbili.